Maili Saba za Mawe

Mgeni akiingia Unguja huanzia mjini. Hushuka bandarini Malindi, akazungushwa vichochoro vya Mji Mkongwe, akasimamishwa mbele ya milango ya njumu kupigwa picha, na jioni akapelekwa Forodhani. Akibakiwa na nafasi kesho yake ndipo hupakiwa gari akaonyeshwa karafuu na iliki shamba. Sina ugomvi na mpango huo. Lakini ni mpango wa abiria wa meli, mtu anayeuona mji kutokea baharini. Mwenyeji aliyepata siku yake nzima, hana zamu ya kazi wala arusi ya kuhudhuria, na aifanye kinyume: apande gari namba 502 mapema mpaka Bububu, kisha arudi mjini taratibu, kipande kwa miguu na kipande kwa gari, akiifuata njia ya gari moshi.

Ndiyo, Unguja iliwahi kuwa na gari moshi, tena zaidi ya mara moja. Sultani Barghash alijiwekea reli yake ndogo kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, upande wa kusini. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha mwaka 1881 ikaletwa injini ndogo kutoka Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 mchezo huo ukaisha, reli ikang'olewa. Ya pili ndiyo iliyobaki vinywani mwa wazee. Iliwekwa na Arnold, Cheney & Company, kampuni ya New York iliyokuwa ikinunua pembe za ndovu hapa, na ilianza kazi mwaka 1905. Ilitoka Ngome Kongwe, ikapenya mitaa ya Malindi, ikavuka kuingia Ng'ambo, ikashika pwani ya kaskazini hadi Bububu. Jumla ni maili saba. Mwaka 1911 Serikali ikainunua. Kufikia mwaka 1922 magari ya petroli yalikuwa yamekwisha kuwachukua abiria wake, na gari moshi likabakishiwa kazi moja tu: kubeba mawe. Mawe hayo tutayafikia, kwani ndiyo yaliyonifanya niipende njia hii kuliko kichochoro chochote cha Shangani.

Bububu asubuhi ni makutano ya watu wenye haraka. Wanafunzi wa skuli, wauguzi, mafundi, akina mama wenye vikapu, wote wanaelekea mjini, na utingo anaita "Mjini! Mjini!" kana kwamba kuna mtu pale asiyejua gari linakwenda wapi. Wewe uliyetoka mjini ndiwe pekee usiye na haraka. Kaa kwenye kibanda cha chai, agiza boflo na maharage ya nazi, uwatazame. Katika enzi za gari moshi mambo yalikuwa vivyo hivyo asubuhi: mtu wa shamba akienda na muhogo, embe, nazi na kuku, akirudi na kitambaa na mafuta ya taa. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, reli ikaja mwaka uliofuata. Wakulima hawakuhitaji kuelezwa vitu hivyo viwili vinahusiana vipi.

Hapa lazima utakutana na mzee atakayekwambia kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa mlio wa gari moshi. Msikilize, maana huigiza vizuri. Lakini Bibi Salme binti Said, aliyeishi hapa katika nyumba ya pwani kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866, aliitaja Bububu kwa jina hilohilo katika kitabu chake cha mwaka 1886, wakati ambapo reli hii haijaotwa hata ndotoni. Usimkatize mzee kwa habari hiyo. Lipa chai yake, uondoke.

Kilichoipa Bububu thamani zamani kabla ya reli ni maji. Visima vya mjini vilikuwa na maji ya chumvichumvi, na kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Barghash alishika ufalme mwaka 1870, mji ukiwa bado unazika. Katika utawala wake ndipo maji ya Chemchem, karibu na Bububu, yalipovutwa kwa mfereji hadi mjini, na watu wakateka bila kulipa. Watalii huonyeshwa Beit el Ajaib kuwa ndiyo kazi kubwa ya Barghash. Ukiniuliza mimi, kazi yake kubwa ni huu mfereji, na hauna picha hata kwenye fulana. Kwa hiyo tunaporudi mjini leo tunakwenda na mkondo: maji yalitangulia kupita huku, gari moshi likafuata.

Kuna atakayeshawishika kukata kwenda Kidichi, kwenye hamamu aliyojengewa mke wa Kiajemi wa Sultani Sayyid Said, baba yake Salme, mwaka 1850, yenye ndege na maua ya chokaa ukutani. Ni pazuri. Lakini Kidichi ipo juu, kwenye mashamba ya karafuu, na inataka siku yake. Leo hatuiachi pwani.

Kutoka Bububu kuelekea kusini barabara ina miembe mirefu, na kwa kiasi fulani ndiyo njia ileile. Usitafute chuma. Hakuna. Utakachokiona ni jinsi barabara inavyopanda na kushuka kwa ulaini, bila kilima cha ghafla, na jinsi inavyokaa karibu na bahari bila kuigusa. Ndivyo mtu wa reli anavyochagua njia.

Beit el Ras ndipo siku inapoanza kunoga. Leo kuna kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vijana wanapita na madaftari, na ndani ya eneo hilo limebaki baraza moja la mawe, lenye matao mazito na ngazi zinazopanda zikaishia hewani. Sayyid Said alianza kujenga kasri hapa mwaka 1847 ili watoto wake wengi wapate nafasi. Alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman, na jengo halikukamilika. Likakaa hivyo kwa karibu nusu karne, kubwa, la bure, likiota magugu. Ilipokuja kampuni ya reli ikitaka mawe, ikayakuta yamekwisha kuchongwa, tena pembeni mwa njia. Yakabomolewa, yakatandazwa.

Wapo wanaokasirika wakisikia habari hiyo. Mimi sikasiriki. Kasri lisilokaliwa liligeuka kuwa njia ya kubebea mihogo, na mihogo ilikuwa na haraka kuliko marehemu. Tena tusisahau nani aliyeyainua mawe hayo mara ya kwanza. Makasri mengi ya pwani hii yalijengwa kwa faida ya karafuu, na karafuu ilichumwa na watumwa. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, miaka minane tu kabla ya gari moshi kuanza. Miongoni mwa waliokaa kwenye mabehewa mwaka 1905 wakipita Beit el Ras hawakukosekana watu wazima waliozaliwa watumwa, wakiyapitia juu mawe ya bwana. Sijui kama kuna aliyecheka. Ningekuwa mimi ningecheka.

Kibweni tupite upesi. Kasri la pale, Kasr es Saada, lilijengwa mwaka 1915 kwa ajili ya Sultani Khalifa bin Harub, na leo ni ikulu ndogo. Lina askari, na simu yako ibaki mfukoni. Wapita njia wa hapa wana tabia ya kutazama mbele tu wakifika langoni, na mgeni mwenye akili huwaiga.

Jua likiwa limepanda utakuwa Mtoni, na hapo sharti ukae. Hili ndilo kasri kongwe kuliko yote, lilijengwa kwa ajili ya Sayyid Said kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1820, alipokuwa anauhamishia ufalme wake kutoka Maskati hadi Unguja. Hapa ndipo Salme alipozaliwa mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Tuna bahati moja ambayo makasri mengi ya pwani ya Afrika Mashariki hayana: mtoto wa nyumba alikua akaandika. Kwake tunapata ua mpana wenye swala, mbuni na tausi aliyekuwa akifukuza watoto, safu ya vyumba vya kuogea ambako watu walikuwa wanashinda, na baraza la mbao la duara lililojengwa kuelekea baharini. Hapo baba yake alikuwa akitembea huku na huko, ameinamisha kichwa, akiwaza. Kwa makisio yake watu wapatao elfu moja waliishi humo. Jaribu kuwaweka watu elfu moja ndani ya kuta hizi kwa macho yako. Hawakai, mpaka ukumbuke kwamba wengi wao walikuwa wanafanya kazi, hawakuwa wanakaa.

Na mto wenyewe upo, mdogo, unaopita ubavuni na kuingia baharini. Kabla ya mfereji wa Barghash meli zilikuwa zinakuja kujaza mapipa ya maji hapa. Kasri liliungua mwaka 1914, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia mabaki yakafanywa ghala. Leo matangi ya mafuta ni jirani yake. Wapo waliojitahidi kuzihifadhi kuta na kuzisafisha hamamu, na kazi hiyo inaonekana. Lakini bado ni mahali ambapo abiria wengi wa 502 hupita kila siku asubuhi na jioni kwa miaka mingi bila kushuka. Nimewauliza majirani wangu wa Kibweni, watu wazima wenye wajukuu. Mmoja alinijibu, "Mwanangu, pale ni pa watalii." Pale ni pa mtoto aliyekimbizwa na tausi, nikamwambia, na akaniahidi kwenda siku ya Iddi na wajukuu wake.

Adhuhuri ikikukuta Mtoni, misikiti ipo ya kutosha. Chakula usikile bado, ila dafu moja halikatazwi.

Kutoka Mtoni hadi Maruhubi ni mwendo mfupi, na ukiweza pita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Utawakuta mafundi wa majahazi. Wanachonga mbao kwa tezo, wanaziba nafasi kwa pamba iliyochovywa mafuta, na wanapima kwa jicho. Usiwaulize kazi itakwisha lini. Jibu ni lilelile, inshallah, na ni jibu la kweli, kwa sababu linategemea mbao zitakapofika na mwenye chombo atakapopata fedha.

Kasri la Maruhubi lilikuwa la Barghash, lilikamilika mwaka 1882, likaungua mwaka 1899. Ghorofa ya juu ilikuwa ya mbao na ikaondoka yote. Zilizobaki ni nguzo nene za mawe zilizobeba roshani, zimesimama safu kwa safu hazibebi kitu. Kuna hamamu, kuna mabirika yaliyoota mayungiyungi, na kuna mabaki ya mfereji wa maji juu ya matao. Marumaru ya hamamu iliibwa. Wapi ilipo haijulikani, lakini siku zote nikiingia nyumba fulani kongwe mjini nikaona marumaru jikoni, huwa natazama mara mbili.

Sasa yahesabu uliyoyapita. Beit el Ras lilibomolewa likawa njia, Mtoni liliungua likawa ghala, Maruhubi liliungua likaibwa. Pwani hii yote ni mawe yanayohama. Nyumba za Unguja ni za matumbawe na chokaa, na jiwe la matumbawe ni jepesi kuchonga, jepesi kubomoa, jepesi kubebwa. Halikai lilipowekwa kama mtu ana haja nalo mahali pengine. Ukishalijua hilo utaanza kuutazama Mji Mkongwe kwa jicho jingine, na ndiyo maana nasisitiza uingie mjini kutokea huku.

Maruhubi panda gari. Kipande cha Saateni hadi Kinazini ni cha maghala, malori na vumbi, na wazee wa zamani nao walikipita kwa gari moshi. Ukifika kwenye nyumba kubwa ya paa la vigae kando ya barabara, shuka. Sultani Majid aliijenga yapata mwaka 1860, na David Livingstone alikaa humo mwaka 1866 akijiandaa na safari yake ya mwisho ya bara. Nyumba inaitwa kwa jina lake, si la Majid. Wiki chache za mgeni zimeshinda mali ya mwenye nyumba. Baadaye ikawa ofisi ya utalii, nadhani kwa haki.

Kutoka hapa ulimi wa bahari ulikuwa unaingia ndani kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yakijaa, mji wa mawe ulikuwa karibu kisiwa. Wenye nyumba za mawe upande huu, wenye nyumba za udongo na makuti upande ule, daraja katikati. Wakoloni waliujaza kipande baada ya kipande katika karne ya 20, mpaka ukabaki uwanja na barabara na vibanda vya mitumba. Leo mtoto wa Michenzani anavuka kwenda skuli mjini bila kujua kwamba anatembea juu ya bahari.

Hapa ndipo pa kula. Darajani, pembezoni mwa soko, agiza urojo. Uwe na kachori, bajia, mbatata, chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa juu, pilipili kwa kiasi chako. Ni saa tisa alasiri na umetembea tangu asubuhi, kwa hiyo bakuli la pili si ulafi.

Baada ya alasiri ingia Malindi, kwa kuwa ndipo gari moshi lilipokuwa na vituko. Postikadi za miaka ile zinalionyesha likipita katikati ya mtaa, nyumba kulia na kushoto, watu wa kanzu wamebana ukutani. Lilikuwa likipiga kengele kuwatahadharisha watu, na cheche zake zilikuwa maarufu kwa kutoboa nguo za abiria. Pima upana wa mtaa kwa mikono yako, kisha lipitishe gari moshi hapo kichwani mwako, pamoja na wachuuzi, punda, hamali na watoto wanaorukia behewa la nyuma. Abiria wa meli waliokuwa na saa chache tu nchi kavu walilipenda, likawapeleka shamba na kuwarudisha kabla ya king'ora. Huo mpango wa watalii niliousema mwanzo una umri wa zaidi ya miaka mia.

Ukitokeza Malindi upande wa bahari utakuta bandari. Boti ya Dar es Salaam imefika, mahamali wanagombea mizigo, madereva wa teksi wanagombea wenye mizigo. Bandari hii ilifunguliwa mwaka 1929, na mawe ya kujazia bahari na kujengea yaliletwa na gari moshi la Bububu, katika miaka yake ya mwisho lilipokuwa halina tena abiria. Ilipokwisha bandari, gari moshi nalo halikuwa na kazi. Mabehewa yaliyowekwa juu ya mawe ya Beit el Ras yalimaliza maisha yao yakibeba mawe kuyatupa baharini, kujenga gati la meli, nazo ni meli zinazoleta magari kama yale yaliyoyapokonya abiria.

Fuata ufukwe, upite zahanati ya zamani ya Tharia Topan yenye roshani zake za mbao, upite mti mkubwa, upite Beit el Ajaib. Nyumba hiyo ya mwaka 1883 iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua mafundi wawili waliokuwa wakiikarabati. Tangu hapo Oman imejitolea fedha za kuijenga upya. Kwa mtu aliyetoka Bububu asubuhi, rundo la mawe lililoanguka pale halikuwa jambo geni. Geni ni kwamba safari hii mawe yanarudishwa palepale.

Jirani yake ni Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa lao. Hiki ndicho kilikuwa kituo cha mwanzo cha reli, na ndani ya kuta zake waliweka karakana. Leo kuna jukwaa la ngoma, taarabu na filamu.

Mbele ya ngome ni Forodhani. Mahali hapa palikuwa na mabanda ya forodha, marobota, mizani na karani mwenye kalamu sikioni, hadi forodha ilipohamia kwenye bandari mpya ya Malindi. Nafasi ikabaki wazi, na mwaka 1936 ikafanywa bustani ya jubilei ya Sultani Khalifa. Kwa hiyo kama si mawe ya gari moshi, huyu kijana mwenye kofia nyeupe anayekamua miwa asingekuwa na pa kuiweka mashine yake. Agiza juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na mishkaki ya pweza. Uliza bei kabla mchomaji hajaiweka motoni, kwa Kiunguja safi, maana ukifika umechoka na vumbi la Bububu miguuni wanaweza kukudhania mgeni.